Nilivyomtafuta Mchoraji wa Pazia la Studio

Tangu nirudi mmekuwa mkinisimamisha kila mnaponiona, kwenye kwaya, kwenye mfongo nikichota maji, hata nikiwa nimejitwika majani ya ng'ombe. Mnauliza nilikuwa wapi na nilimfuata nani. Mnanijua, mbele ya watu maneno hunikwama. Kwa hiyo nimeandika, kidogo kidogo, jioni baada ya kukamua. Mpokezane wenyewe mkimaliza.

Uru mpaka mjini

Kilichonitoa nyumbani ni picha ya Adela, binti wa baba mkubwa, ile aliyopigwa Moshi mjini siku alipopata Kipaimara. Ilining'inia sebuleni kwao miaka mingi na wote mmeiona. Adela amesimama na gauni jeupe, na nyuma yake kuna pazia la studio lililochorwa baraza yenye nguzo. Nje ya baraza kuna mlima.

Watu waliucheka sana mlima ule. Baba mkubwa alikuwa akimwonyesha kila mgeni: "Tazama huyu fundi. Mlima gani huu una meno kama msumeno? Na Kibo kakificha wapi?" Ni kweli, Kibo hakikuonekana ila bega tu, kimejibanza nyuma ya mawe makali.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikienda kwao kwa kisingizio cha kuazima panga ili niutazame. Picha haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tu, lakini kati ya nguzo na mlima yule mtu aliweka ukungu, na ukiutazama ukungu ule unasikia baridi. Nimechora tangu shule ya msingi, kwa mkaa na kalamu za risasi, nyuma ya kalenda kuukuu. Milima yangu yote imekaa karibu, kama kichuguu nyuma ya nyumba. Sikujua mtu anafanyaje kitu kiende mbali juu ya kitambaa, na hapa Uru hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Basi nilitaka kumpata aliyechora, anifundishe. Nilikuwa nimejiwekea hivi: akinikataa, naacha kuchora, nabaki na kahawa na ng'ombe. Mtu hawezi kuendelea kufanya kitu ambacho hata wa kumwambia umekosea hana.

Mama mkubwa alinipa picha ile, akaifuta vumbi kwa kanga. "Ni hiyo moja tu," alisema. "Ukiipoteza usirudi."

Nilishuka kwa miguu asubuhi, na michoro yangu kwenye mfuko wa nailoni niliofunga kwa kamba ya katani. Studio niliipata nyuma ya soko. Mwenyewe ni Mzee Aminieli, mtu mrefu mwenye miwani aliyoifunga uzi. Nilikaa kwenye benchi hadi mchana kwa sababu kila aliyeingia alitaka picha za pasipoti, na mimi kila mara nilimpisha. Mwishowe alisema, "Wewe umekuja kupigwa au umekuja kuhesabu watu?"

Nilimpa shikamoo, nikamwonyesha picha. Nyuma yake palikuwa na pazia la bluu tupu, bluu ya jalada la daftari.

"Hii ni kazi ya Siriaki," alisema, na hakuishika. "Mrombo. Nilimlipa vizuri tu. Wateja wakaanza: huu si mlima. Mtu wa Kibosho anataka Kibo kama anavyokiona akitoka kwenda chooni. Wa Uru hivyo hivyo. Nikamwambia, Siriaki, geuza mlima. Unajua alinijibu nini?"

"Hapana, mzee."

"Kwamba mlima haugeuzwi, wageuke wao. Mbele ya wateja! Nikamwambia maneno. Akageuka akaondoka mpaka leo."

Niliuliza pazia liko wapi. Akasema, "Lilishakwisha." Niliuliza Siriaki yuko wapi. Akasema atakuwa kwao, Mkuu huko Rombo, kama hajafa, akaita anayefuata.

Mjini mpaka Himo

Nilichelewa basi la Rombo, na nililichelewa nikiwa nimesimama karibu nalo, nikiona haya kuuliza kama ndilo. Mama mmoja alikuwa akipakia marobota ya mitumba kwenye pikapu. Aliona linavyoondoka nami nalitazama.

"Kijana, ulikuwa unalisindikiza?"

Huyo ni Mama Neema wa Kiboriloni, anazungusha mitumba kwenye masoko ya mlimani. Alisema nikimsaidia kupakia na kushusha atanifikisha Mwika, njiani kwenda Rombo. Nilipanda nyuma, juu ya marobota. Tulipofika Himo gurudumu lilipasuka, na la akiba nalo halikuwa na upepo. Dereva akaliviringisha kwenda kulijaza. Tukakaa kivulini kwenye banda la mama ntilie.

Mama Neema alininunulia ndizi na utumbo. Nilikuwa na njaa nikala bila kusema. Alinitazama, akacheka. "Nyie watu wa Uru mnanyamaza kama mnalinda kitu. Unamfuata nani Rombo?"

Kusema kulikuwa kazi, nikatoa picha. Akaitazama sana, akaacha kula.

"Mzuri," alisema. "Amekukimbia lini?"

"Hapana mama, huyu ni dada yangu. Mtoto wa baba mkubwa."

"Aaa. Ndugu yako ametoroshwa na Mrombo."

"Hapana. Nimefuata hiki hapa nyuma yake."

"Nyuma yake kuna nini?" Aliigeuza picha akaangalia upande wa pili, ambao hauna kitu.

Mama ntilie naye aliiomba, akaipitisha kwa wateja wake. Wachimba mchanga, makondakta, mzee mmoja mwenye kuku, wote walimtazama Adela. Mmoja akasema amemwona Tarakea akiuza duka. Mwingine akasema nisihangaike, mwanamke akishaondoka ameondoka. Niliwaonyesha mlima kwa kidole, wakadhani nawaonyesha mkono wake waone kama ana pete. Picha iliporudi ilikuwa na alama ya mafuta pembeni, nikaifuta kwa shati. Kila mtu pale alinionea huruma, na hakuna aliyejua kwa ajili ya nini. Sijawahi kukaa katikati ya watu wengi nikawa peke yangu namna ile.

Himo mpaka Mwika

Dereva alirudi jua limeshapinda. Kutoka Marangu kwenda juu mvua ilitukuta. Nilijifunika turubai pamoja na marobota, na mfuko wangu niliulalia tumboni. Kila nilipochungulia niliona migomba, kahawa, nyumba za bati, mifereji imejaa, kama hapa kwetu kabisa. Ila sikumjua mtu hata mmoja. Mtoto mmoja alinipungia nikampungia, tukapotezana kwenye kona.

Mlima wenyewe haukuonekana. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba.

Mwika tulishusha marobota kwenye chumba alichopanga Mama Neema karibu na soko. Alinipa blanketi la mitumba lenye harufu ya dawa ya nondo, akaniacha nilale juu ya mzigo. Asubuhi alinipa chai na kiburu cha ndizi na maharage kilichobaki, na neno la kuniaga.

"Ukimpata huyo dada usimpige. Mwambie nyumbani wanampenda, basi."

Nilisema ndiyo, kwa kuwa kueleza upya nisingeweza.

Mwika mpaka Mkuu

Basi halikuja. Tuliambiwa limenasa kwenye tope mbele, kwa hiyo wenye haraka tukaenda kwa miguu. Wengine walikuwa wawili wawili na mizigo yao, wakizungumza Kirombo. Kwa Kichagga changu cha Uru nilikuwa nashika neno moja moja tu, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri zilizokwisha. Nilibaki nyuma.

Njiani kamba ya mfuko ilikatika na michoro ikachomoka. Nilidaka yote isipokuwa mmoja, ulioanguka mferejini, maji yakauchukua. Nilitafuta cha kufungia. Kando ya barabara palikuwa na uzio wa masale, nikachuma jani moja refu, nikazungusha mfuko, nikapiga fundo. Sikufikiri kitu. Nilikuwa nimelowa, na lilikuwa jani lililokuwa karibu.

Nilipofika Mkuu mchana nilimwonyesha picha mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi. Nilikuwa nimeshajiandaa kusema huyu ni dada yangu. Lakini yeye alifunga jicho moja kwa moshi, akasema, "Kumbe Mawenzi wetu. Nani kampeleka studio?"

Tangu nizaliwe sijamsikia mtu akiitazama picha ile akaanza na mlima. Nikamuuliza Fundi Siriaki. Akanielekeza kwa kisu: chini ya kanisa, vuka mfongo, nyumba yenye mlango wa kijani.

Kwa Siriaki

Mkewe, Mama Kristina, alikuwa akianika maharage barazani kati ya mvua na mvua. Nilimwamkia, nikasema natoka Moshi, namtafuta fundi. Aliuliza Moshi kwa nani. Nikasema nilianzia studio, kwa Mzee Aminieli. Hapo macho yake yakashuka kwenye mfuko wangu, akauweka ungo chini.

"Ngoja," alisema kwa sauti ndogo. "Ngoja hapo hapo."

Alimwita mumewe kutoka shambani. Alikuja mzee mfupi, mikono yake ya bluu mpaka kwenye viwiko. Moyo wangu uliruka, nikajua nimemkuta kazini anachora. Nilipokaribia nikasikia harufu, kumbe ni mrututu, dawa ya bluu, alikuwa akipulizia kahawa.

Hakuniuliza jina. Aliutazama mfuko, akaupokea kwa mikono miwili, akaketi kwenye kigoda. Mkewe akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Mzee alimwaga kidogo chini, akanywa, akanipa nami nikanywa. Kisha akasema, "Nimepokea. Yameisha."

Mama Kristina akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ndipo nikaona anachokitazama. Alikuwa ameshika lile jani, lenye fundo langu.

Nyinyi ni wa hapa, mnajua. Lakini barua hii ikimfikia mtu wa mbali, ajue kwamba huku mlimani aliyekosa humtuma mtu apeleke jani la isale lililofungwa fundo, kuomba msamaha. Anayeletewa hakatai, hata kama jambo lilikuwa zito namna gani. Mimi nililelewa na mila hiyo, na bado nilibeba jani mkononi njia nzima hadi ndani ya geti la mtu kama nimebeba kamba.

Nilisikia masikio yanawaka. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua. Lakini nilimwona yule mama anavyofuta macho, nikasema, "Mzee, nisamehe. Sikutumwa. Kamba ya mfuko ilikatika njiani, nikafungia jani. Mzee Aminieli hajui kama nimekuja na isale."

Kuku walikuwa wakidonoa maharage na hakuna aliyewafukuza.

"Hajakutuma," alisema Siriaki.

"Hajanituma."

"Wewe umekuja kufanya nini, basi?"

"Kujifunza kuchora."

Alitoa sauti puani, sikujua kama ni kicheko. Alimgeukia mkewe. "Mama Kristina, jani limeingia getini?"

"Limeingia."

"Mimi nimesema nini?"

"Umesema yameisha. Na mbege umemwaga."

"Kijana, umesikia? Hapa hakuna tena cha kurudisha. Sasa wewe umeshakuwa mjumbe, utake usitake. Utakwenda kumwambia Aminieli nimemsamehe."

"Lakini hajaomba, mzee."

"Hiyo ni shida yake."

Mama Kristina ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akasema hajawahi kuona msamaha ukisafirishwa kwenye mfuko wa nailoni. Kisha akanitengea mtori, na nguo zangu akaziweka kwenye dari juu ya moto.

Alipofungua michoro, Siriaki aliitazama mmoja mmoja. Mikono alikuwa ameshaiosha, lakini bluu ilibaki kwenye kucha. Nilingoja. Mwishoni aliirudisha yote mfukoni.

"Mkono unao," alisema. "Kukufundisha siwezi. Brashi sina tangu nitoke pale, nazo kazi hakuna. Siku hizi wapiga picha wanawasimamisha watu kwenye maua ya plastiki. Nikufundishe ukachore wapi?"

Nilisema ndiyo, mzee. Nilikuwa nimeshajua nitakachofanya nikifika nyumbani: kahawa na ng'ombe, basi.

Asubuhi alinigonga bega. "Toka nje. Amefungua."

Mawingu yalikuwa yamekwenda. Mawenzi alisimama juu ya migomba, karibu, meno yake yote yakiwaka jua, na Kibo nyuma yake bega tupu la theluji. Ulikuwa mlima wa kwenye picha ya Adela, jino kwa jino. Miaka yote tulimcheka mtu ambaye alichora anachokiona akifungua mlango wake.

Siriaki alinipa karatasi yangu mwenyewe. "Chora."

Nilichora. Alikuja nyuma yangu, akaweka kidole. "Huyu umemtoa wapi?"

Nilikuwa nimechora Kibo, duara zima, kama kinavyokaa juu ya Uru. Macho yalikuwa kwa Mawenzi na mkono ulikuwa nyumbani.

"Unachora ulichozoea," alisema. "Futa." Hakusema kingine, akaenda kukama mbuzi. Nilifuta, nikachora, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kisha mawingu yakafunga.

Kurudi mjini

Njia ya kurudi haikuwa na kitu ila mvua na watu waliolala wakiegemea vioo. Nilikaa dirishani nikijaribu kupanga nitakavyomwambia Mzee Aminieli, na kila nilipopanga yaliharibika.

Nilimkuta peke yake akikata picha kwa mkasi. Nikasema haraka kabla ya kuogopa. "Mzee, Fundi Siriaki anasema amekusamehe."

Mkasi ulisimama. "Nani alimwomba?"

Nikamweleza kuhusu kamba na jani, yote. Alinisikiliza mdomo wazi.

"Wewe mtoto umeniombea msamaha mimi? Kwa Siriaki? Mimi ndiye niliyekosewa!"

"Ndiyo, mzee. Niliwaambia hukunituma. Akasema yameisha hata hivyo."

"Alisema kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Na mbege alimwaga."

Alivua miwani. Bila miwani alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Alitazama pale mlangoni kwa muda, nje watu wakipita na mikungu ya ndizi, kisha akasema bila kunigeukia, "Hilo pazia la bluu, ndilo hilo hilo. Sikulitupa. Nilipaka juu rangi ya maji, ya chokaa. Yake ni ya mafuta, haitoki kwa maji."

Alinipa ndoo na kitambaa. Akafunga mlango kwa nje akaenda kwake kula.

Nilianza juu, pembeni, kwa woga. Bluu ilitoka kama tope. Nilibadilisha maji, nikaendelea, na polepole mlima ukaja. Kumbukeni nilikuwa nimeujua kwa nyeusi na nyeupe tu. Mawe ya Mawenzi yalikuwa mekundu, na ndani ya nyufa aliweka zambarau. Theluji haikuwa nyeupe hata kidogo, ilikuwa na waridi upande wa jua na kijani kidogo chini yake, na ukisogea karibu sana huoni theluji tena, unaona njia za brashi. Ukungu, ule wa baridi, ulikuwa ni rangi ile ile ya mlima iliyopakwa ikiwa imebaki kidogo sana kwenye brashi, hata kitambaa kikaonekana. Ni hivyo tu. Niliusogelea nikapitisha kidole juu yake mara nyingi, huku na huku, kufuata mkono wake.

Nilitamani awepo mtu wa kumwonyesha. Nilisema "tazama" kwa sauti, ndani ya chumba kitupu, nikaona haya.

Mzee Aminieli aliporudi alisimama mlangoni na funguo mkononi.

"Watalalamika tena," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Hasa wa Kibosho."

"Na wa Uru."

Alicheka kidogo, halafu akainama. Sehemu ya chini, ambayo kwenye picha ya Adela haikuingia, ilikuwa imechorwa ngazi za kupandia barazani. Ile ya mwisho hulala sakafuni, na viatu vya wateja vilikuwa vimeila mpaka kitambaa. Alifungua kabati, akatoa makopo matatu ya rangi iliyoganda juu na brashi moja iliyofungwa kwenye gazeti.

"Alivisahau," alisema. "Ngazi unaweza?"

Niliichora ngazi ile hadi jua likaondoka dirishani. Nilikosea kivuli, nikafuta kwa mafuta ya taa, nikarudia. Mzee Aminieli aliitazama kwa miwani, kisha bila miwani, akasema iache ikauke, uje wiki ijayo, nguzo nazo zimechoka.

Kwa hiyo mkipita pale mjini, ingieni muutazame mlima wa Siriaki. Ngazi ya chini kabisa niliichora mimi. Hamtaiona kwenye picha, kwa sababu mtu akisimama kupigwa, viatu vyake huifunika.